Chumba cha Kwetu Kilichokataa Kufungwa

Lubumbashi, Kamalondo

Dada yangu Kavira, mtoto wa mama,

Barua hii ikukute moto ungali unawaka jikoni kwako. Mimi kaka yako mwili unatembea. Mama anaamkaje? Magoti yake? Na Kahindo wako, bado anawatangazia watu kwamba mjomba wake anakaa mtaa wa Golf na wakubwa? Asiache, ila apunguze kidogo.

Neno lako lilinifikia kwa mdomo wa dereva aliyezunguka Uganda, Tanzania na Zambia. Alisema milio ya bunduki imefika upande wa soko, majirani wamefunga mizigo, nanyi mko palepale, kwa sababu mama hanyanyuki kwenye mkeka wa matanga ya baba mpaka mimi mtoto wa kwanza nije kuyaondoa. Tangu hapo bukari, ugali wa huku, hainishuki, mimi niliyekuwa namaliza sahani ya wapakiaji watatu na wenyewe wananipigia makofi.

Kazi yangu unaijua. Depo hii ya mizigo bila mimi ingekuwa kichaka. Nilianza kwa kubeba magunia, leo ninalinda ofisi ya mashine kubwa, kompyuta ya depo zote. Umeme ukikatika ninawasha groupe, jenereta yetu, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai, na chai haimwagiki. Fundi wa mashine ni Mama Ntumba, enjenia, mtoto wa watu wa Kasai. Ya shule yake nimeyashika kwa masikio tu, lakini nimeyashika.

Ndani ya mashine kila mji una chumba chake, na kazi zinazokimbia humo zinajiona ziko peke yao duniani. Ya kwanza ndiyo mwenye chumba. Juu ya vyumba vyote kuna mkubwa wanayemwita kernel. Mwenye chumba akiuawa, kernel anaua wote waliomo. Lakini jina la aliyekufa halifutwi mpaka mzazi wake, yaani kazi iliyomtuma, aulize: umeishaje? Na mwenye chumba hamalizi kufa kabla wote wa ndani hawajaulizwa. Mzazi akifa, yatima anapewa mkubwa mwingine, naye anauliza mahali pake.

Sasa patron, mwenye kampuni, akasema depo ya mji wetu huko nyumbani basi, lori halifiki tena, chumba chake kifutwe, mahali pake pawekwe chumba cha mpaka wa Kasumbalesa. Ujumbe wa huko kwetu ulikuwa unaingilia humo. Mama Ntumba alipotoka kidogo, nikakalia kiti chake, nikafungua dirisha kwenye kioo, na kutoka nje nikatuma kazi ndogo iingie chumbani itafute kama kuna neno lenu. Hakuna. Nikasikia viatu vyake. Nikalisimamisha dirisha, nikalificha, nikisema nitarudi.

Akaja, akamuua mwenye chumba. Wote wakafa. Chumba kikakataa kufungwa! Jina liko, mwenyewe ananing'inia, si mfu si mzima, na chumba kipya hakianzi. Madereva wa Kasumbalesa, bila karatasi za njia, wakajaa mlangoni na makelele.

"Papa Mumbere," akaniita, "kuna kazi moja ilikufa mule ndani, lakini muzazi wake iko inje. Anaishi, ila bamemusimamisha, haulize mutoto. Njo maana chumba chote kinamungojea. Nani aliingia kutoka inje?"

"Pengine panya, Mama."

"Panya ya kuandika na vidole?"

Madereva wakaangua kicheko. "Ee bwana mukubwa wa Golf! Leo panya imekushika!"

Nikamwonyesha dirisha, ndilo mzazi mwenyewe. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alijaribu kuliamsha, limeganda.

"Basi uue uyu muzazi. Mukubwa wa inje atamuuliza mutoto, mambo iishe."

Nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Palepale chumba kikafungika, jina la mji wetu likatoka kwenye kioo. Madereva wakashangilia. Mimi nikaenda kukaa juu ya magunia, nikaanza kukuandikia barua hii.

Dada, katika chumba kile nilimwona mama kwenye ule mkeka. Aliye nje, mzima, asiyeuliza, ni mimi. Kila dereva nilimpa ahadi: nakuja, na lori langu mwenyewe. Lori sina. Njia imefungwa, na paspoti ya kuzunguka nchi tatu sina. Ni ahadi zangu zinazomlaza mama chini.

Basi msiningoje. Baba mdogo Kasereka akae pale ningekaa. Aulize yale ambayo mtoto wa kwanza huuliza: baba aliishaje, alimwita nani, alitaka nini. Mumjibu kama mngenijibu mimi. Kisha mumnyanyue mama, muondoke siku hiyohiyo, kabla njia ya Kasindi ya kuvukia Uganda haijafungwa nayo. Mama akikataa, mwambie ni mimi mtoto wa kwanza nimesema, tena nimesema kwa sauti kubwa, anayoijua.

Kama baba alitaja jina langu, mwambieni Kasereka. Mimi sitauliza tena.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, kama ataweza kuibeba. Nisalimie shangazi wa kwaya, na Kahindo: mwambie mjomba wake anakaa Kamalondo, nyuma ya depo.

Mkeka msiubebe.

Kaka yako Mumbere,
mtoto wa kwanza kwa kuzaliwa tu