Punda Mia Mbili Weupe wa Wachokaa

Kwa Kinyozi,
Mlango wa tatu baada ya duka la vioo,
Mtaa wa nyuma ya posta.
Jumanne asubuhi, tarehe tisa.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Goti lako je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Wajukuu hawajambo, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanahama? Mimi ni mzima, meno yangu kumi na moja yote yapo kazini, na kinyozi wa kunishinda mtaa huu hajazaliwa, hata hawa vijana wa mashine wanajua. Barua naandika mwenyewe, kwa herufi nilizojifunza kwenye mabango ya maduka, kwa hiyo zikiegemeana kama walevi zivumilie. Sikutaka mtu mwingine ayajue haya.

Dada, naogopa. Nimelisema mapema kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua.

Jumamosi nilimkata mteja shavuni. Miaka hamsini nashika wembe, nimenyoa wenye majipu, nimenyoa bwana harusi aliyekuwa analia, sijawahi kumwaga hata tone. Lakini nilikuwa nimeona kwenye kioo mtu na kopo na brashi, anapaka mstari mweupe kwenye mlango wa jirani yangu, fundi cherehani. Kisha akaja kwangu. Hakuwa na hasira. Aliniamkia vizuri kabisa, akapaka, akaenda mlango unaofuata. Wembe ukateleza.

Sasa milango yetu Wachokaa wote ina mstari. Ukutani kwa posta wameandika CHOKAA IFUTWE.

Wewe uliolewa ukaondoka jina hili likiwa halimtishi hata paka. Unakumbuka alivyotuambia Baba? Siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza ninyi mnaitwaje, Baba akasema wanaokuja kununua kwa mama yake wanawaita watu wa chokaa. Basi, kalamu ikapita, tukawa kabila. Bibi angekuwa anauza mkaa, leo ningekuwa nakuandikia kama Mmkaa. Wazazi wa fundi cherehani walikuwa na lugha yao nyumbani, hakuna hata neno moja tulilokuwa tunaelewa, lakini nao walichoma chokaa, nao wakaandikwa hivyohivyo. Na tulipokuwa wadogo likawa tusi. Si ulimng'oa nywele yule binti wa duka la mafuta kwa sababu alisema Wachokaa hawaogi, wanapanguswa vumbi tu?

Mimi ndiye niliyelipandisha hadhi. Nalisema kwa aibu, ingawa zamani nilikuwa nalisema nikiwa nimetoa kifua. Tusi lile lilinichoma, basi nikatunga. Kila aliyekaa kwenye kiti changu alisikia kwamba tunaitwa Wachokaa kwa ajili ya mfalme wetu mweupe kama mwezi, aliyetoka ng'ambo ya ziwa na punda mia mbili weupe, akakuta watu wa hapa hawajui hata kujenga ukuta. Mtu ana povu mpaka puani na wembe uko kooni, atabisha vipi?

Siku moja akakaa mwalimu mmoja mwenye miwani. Akaniomba nirudie polepole. Nilirudia, nikaongeza na tarumbeta. Kumbe anaandika kitabu cha majina ya makabila. Kilipotoka nilikiweka chini ya kioo, kila mteja akioneshwa ukurasa wa arobaini na mbili, nikinung'unika kwamba kimeandika "mzee mmoja mjuzi wa mila" badala ya kunitaja. Vijana wetu wakachapisha fulana zenye punda mweupe. Jina likawa tamu, dada. Hata binti wa duka la mafuta, sasa ni bibi, alidai mama yake alikuwa Mchokaa.

Mwaka huu imetoka amri kwamba makabila yaliyoingia kutoka nje yathibitishe uraia. Nani aliingia kutoka nje? Wamefungua kitabu. Ukurasa wa arobaini na mbili umebandikwa ukutani ofisi ya vitambulisho, nimeuona kwa macho yangu.

Kijana wangu, fundi umeme, alikwenda kubadilisha kitambulisho kilichochakaa. Wamekizuia. Ameambiwa arudi tarehe ishirini na tisa na ushahidi, na asipokuwa nao atapakiwa kwenye lori pamoja na mkewe na yule mtoto wa miezi minne, wapelekwe ng'ambo ya ziwa. Kule hajui hata mbwa. Wiki iliyopita malori mawili yaliondoka. Dirisha la mwenye duka la vioo bado liko wazi na pazia linapepea nje, hakuna wa kulifunga.

Jana nilivaa koti la harusi nikaenda ofisini. Karani ni mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafua. Niliapa, nikamwambia ukweli wote: huyo mzee mjuzi ni mimi, hakuna mfalme, hakuna punda, bibi yetu alichoma mawe ya chokaa hapahapa nyuma ya gereji ya mabasi. Akaniuliza mwalimu yuko wapi. Alishafariki. Akapenga kamasi, akanitazama.

"Baba, kila Mchokaa anayeingia humu tangu Ijumaa ananiambia huyo mzee ni yeye."

Nikamwambia lakini mimi ndiye kweli, niulize chochote.

"Basi tuseme ulimdanganya mwalimu. Nitajuaje kwamba hunidanganyi mimi?"

Dada, unanijua mimi. Kuomba sijazoea. Nilivua kofia, nikamwomba aniambie yeye atamwamini nani.

Nadhani alinionea huruma. Akasema kama yupo mtu mkubwa kuliko mimi, anayeishi mbali na mambo haya, aliyemwona bibi kwa macho yake kwenye tanuri, aandike barua, igongwe muhuri ubalozini huko huko, naye atakubali kuiweka kwenye faili. Waliokuwa wakimbebea Bibi mawe ni wewe na marehemu kaka tu. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Nakusihi, andika leo. Andika tanuri lilikuwa wapi, mawe yalitoka shimo gani, Bibi alizaliwa wapi na mama yake wapi. Usipambe kama mimi. Ukiongeza punda mmoja tu, mtoto wetu amekwisha.

Sasa lile lililonifanya nisilale. Nimeisimulia hadithi ile miaka mingi mno, mpaka nikifumba macho nauona ule msafara, nasikia kwato. Jana njiani nilijiuliza niliitoa wapi, nikashindwa kujibu. Labda niliitunga yote. Labda Bibi aliimba kitu kuhusu ziwa akichochea moto, nikakishika nikiwa mgongoni kwake. Sijui, dada. Nimeapa mbele ya karani, na sijui.

Wewe unajua. Kama tulikuwa hapa tangu mwanzo, andika barua moja, ipeleke ubalozini. Kama kweli tulitoka ng'ambo, basi andika mbili. Ya ubalozini iseme tanuri tu, maana tanuri lilikuwepo, si uongo. Ya pili nitumie mimi, nitaisoma mlango ukiwa umefungwa na kuichoma.

Nisalimie shemeji, wanao na yule mjukuu mpiga filimbi. Mkwe wangu anakusalimu, na fundi cherehani pia. Ameshusha bango lake lakini bado anashona ndani. Mungu akutunze, aipe posta ya huko miguu ya haraka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyesema kupita kiasi,
Kinyozi