Nani wa Kunishuhudia

Jumamosi, 12 Oktoba 1996

Leo ofisi ya uraia na Ami Thani. Tulitoka mapema kabla foleni haijawa ndefu. Nilivaa abaya ya Muhsina, binti yake — fupi, miguu yote nje.

Karani mpole. Alizungumza na Ami kwa Kiarabu, mimi natazama midomo tu. Nilidaka neno moja: Badr. Jina la Baba.

Garini Ami akanifafanulia. Vyeti vya Baba nilivyokuja navyo kutoka Tabora ni sawa, lakini havitoshi. Anatakiwa sheikh wa kabila letu, yule wa kijijini huko Ndani, bara ya Oman, athibitishe kwamba mimi ni mtoto wa Badr bin Salem. Na mbele ya sheikh lazima asimame mtu wa damu aseme, huyu wetu. Mtu wa damu hapa Oman ni mmoja, yeye Ami. Bila hivyo hakuna uraia, na viza yangu ya matembezi inakwisha katikati ya mwezi ujao.

Nikasema basi twende kwa sheikh. Ami akafungulia kiyoyozi cha gari mpaka mwisho, akaendesha mpaka nyumbani Ansab.

Kwetu ningemwita baba mdogo. Hapa ni ami. Sauti yake ya Baba kabisa — anapokohoa chumba cha pili nashtuka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekaa hapa wiki tatu na bado kila kitu najifunza upya. Maji ya bomba mchana yanaunguza, kwa sababu tangi liko juu ya paa; ukitaka kuoga maji ya baridi, oga asubuhi. Maduka yanafungwa adhuhuri mpaka baada ya alasiri. Wikiendi ni Alhamisi na Ijumaa. Hakuna anayetembea kwa miguu. Juzi nilitoka kunyoosha miguu tu, magari mawili yakasimama kuniuliza nimepotea wapi.

Leo gesi ilikwisha sufuria ikiwa jikoni. Bi Masouda, mke wa Ami, akanituma duka la pembeni nikamwambie Mmalabari, yule Mhindi mwenye duka, alete mtungi. Nilikuwa nimejifunza neno la mtungi, nikalikariri njia nzima. Mmalabari alinielewa! Kisha akaniuliza kitu huku anacheka kwa wema, nikaitikia naam, naam, nisimvunje moyo.

Usiku nilimsimulia Muhsina. Akaniomba nirudie neno aliloniuliza Mmalabari. Shaghala, nikasema. Akainama, akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

Kumbe Mmalabari aliniuliza kama mimi ndiye shaghala, mtumishi mpya wa nyumba hii. Na mimi nikasema naam.

Alhamisi, 17 Oktoba

Muhsina kanipeleka Hamriya. Anaendesha vizuri, ila anagombana na kila gari. Kuna maduka kule yanauza mihogo, ndizi mbichi, hata majani ya kisamvu. Mwenye duka alinisalimia kwa Kiswahili, nikasimama pale nikiuliza bei za vitu nisivyovitaka, ili tu niendelee kuongea.

Tukarudi garini na mifuko. Hakuwasha gari. Akasema kuna jambo bora nilisikie kwake.

Ameposwa. Kijana anaitwa Saud, mwalimu kama yeye, wanasomesha shule za jirani. Muhsina anamtaka — alilisema hili akiangalia usukani. Wazazi wa Saud ni watu wa Ndani, wa kijiji kilekile walikotoka mababu zetu, na nikahi bado haijapangwa. Sheikh wa kabila, yule anayetakiwa kunishuhudia, ni ami yake Saud.

Nikamwambia si afadhali, ni mtu wa karibu.

"Baba anaogopa, Shariffa. Ukipelekwa kwake, wataanza kuuliza."

"Waulize nini? Si wanajua mama yako katoka Unguja?"

"Wanajua. Lakini mama yangu..."

Nikammalizia mwenyewe kimoyomoyo. Mama yake ni Mwarabu wa Unguja. Wangu ni Mnyamwezi.

Mihogo tuliipika kwa tui la kopo. Ami alikula sana. Akasema hajala mhogo mtamu hivi tangu Tabora. Nami nilikuwa nikimtazama kwa hasira, na bado nikamwongezea.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemkumbusha Ami. Kesho inshallah.

Jumanne, 22 Oktoba

Kesho inshallah.

Nilimpigia Mama, kwenye simu ya jirani yao. Aliuliza kama ndugu wa Baba wamenipokea vizuri. Nikamwambia nina chumba, nina kitanda, chakula tele. Yote kweli. Akasema Alhamdulillahi, sasa anaweza kulala. Yeye bado analala chumba cha uani kwa kaka yake. Tulikubaliana nikishapata uraia na kazi ya ualimu, nimtoe pale.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nataka kuandika hili polepole.

Baada ya sala ya Ijumaa walikuja kina mama wa upande wa Saud. Tangu asubuhi Bi Masouda alikuwa mpole kwangu kupita kiasi. "Leo utanisaidia jikoni, mwanangu," akasema, "nna mambo mengi, peke yangu siwezi." Nikakata matunda, nikakaanga sambusa, nikapanga halwa. Wakati wa kahawa ukafika. Muhsina amekaa na wageni, kapambwa, hawezi kuinuka. Bi Masouda kanipa dele na vikombe.

Nikaingia. Nilianza na mkubwa wao, Bi Wadha, mama yake Saud. Mwanamke mzuri, ana macho ya kucheka. Nilijua kwamba unamimina mpaka mgeni atikise kikombe. Akatikisa. Kisha akamgeukia Bi Masouda, akanionyesha kwa kidevu na kuuliza. Kiarabu changu ni haba, lakini neno lile nalijua sasa.

Bi Masouda alicheka kidogo. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Akamkaribisha halwa.

Muhsina alikuwa anaangalia kikombe chake.

Wakati wa kuondoka Bi Wadha alinifuata jikoni, akanitia mkononi kipande kikubwa cha halwa ndani ya karatasi, akanigusa shavu. Kwa wema. Afadhali angenitukana.

Ami alikuwa baraza ya wanaume. Sijui kama kaambiwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Muhsina kagonga mlango wangu mara mbili. Sikufungua. Namsikia kasimama nje.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimekwenda Maskati peke yangu.

Kesho inshallah zimenichosha. Asubuhi walipotoka wote nilikwenda barabarani, nikainua mkono, teksi ikasimama. Nikakaa nyuma, nikasema Maskati, nikataja wizara anakofanya kazi Ami. Dereva aliongea njia nzima. Nilijibu naam pale tu nilipokuwa na hakika! Tukapita Matrah, tukafuata barabara ya ufukweni inayopinda chini ya majabali, mpaka kwenye yale majengo meupe ambayo hakai mtu, wanafanya kazi tu.

Mlinzi hakunielewa. Nikatafuta gari la Ami mahali pa kuegesha, nikasimama kwenye kivuli chake. Kivuli chenyewe kikawa kinapungua, nami nasogea nacho.

Alitoka na wenzake watatu, wanacheka. Aliponiona aliacha kucheka. Akawaaga, akangoja waingie kwenye magari yao, ndipo akanijia.

"Nani kakwambia uje hapa?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Likatoka moja.

"Ami, mimi nani kwako?"

Akaangalia huku na huku. Akasema ingia garini. Nikasema siingii mpaka anijibu. Jasho linamtiririka chini ya kilemba. Mwishowe alifungua mlango wangu mwenyewe, akaushika wazi, akasema kwa sauti ya chini: "Mtoto wa kaka yangu. Ingia, jua litakuua."

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimamisha gari kando ya bahari, akazungumza bila kunitazama. Alipofika hapa miaka ya sabini alikuwa mtu mzima asiyejua Kiarabu. Kazini walimwigiza alivyotamka. Wakimwita Zinjibari, mtu wa Unguja, naye Unguja hajawahi hata kukaa. Aliporudi kijijini kwa babu yake, watoto walimfuata nyuma wakimcheka. Ilimchukua miaka mingi mpaka akakaa kwenye sinia na watu bila mtu kumuuliza katoka wapi. Ndiyo kwanza wameacha, akasema. Hataki Muhsina apite alikopita yeye.

"Na mimi nipite wapi, Ami?"

Alishika usukani kwa mikono miwili, gari limesimama.

Kisha akaniuliza kama Baba aliumwa sana. Miaka miwili tangu Baba afariki, na leo ndiyo kwanza ananiuliza. Nikamweleza yote. Alilia. Nami nilikuwa bado nimemkasirikia, nikampa karatasi ya kujifutia.

Jumapili, 3 Novemba

Leo nilimfungulia Muhsina. Kaomba radhi. Nikamwambia sijui kama nimesamehe. Akasema haidhuru, na akalala chini kwenye zulia la chumba changu.

Ami kasema sheikh kaja Maskati kwa shughuli zake, kafikia kwa mwanawe, mtaa wa Bawshar.

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi, chai mezani, Ami akasema: "Shariffa, vaa. Tunakwenda kwa sheikh."

Bi Masouda aliweka birika chini. Akamwambia mumewe asubiri nikahi ipite kwanza, kitu gani mwezi mmoja. Ami akasema viza yangu haina mwezi. "Nnakwambia Thani," Bi Masouda akasema, "posa ikivunjika, utamtazamaje huyu mtoto?" Nilimwona yule mama kwa mara ya kwanza. Hana ubaya nami. Ana binti mmoja tu.

Muhsina akainuka, akachukua funguo. Akasema ataendesha yeye, kwa sababu Baba akishika gari leo atatugonga.

Nyumba ya mtoto wa sheikh kubwa, viatu vingi mlangoni. Ami kaingia baraza ya wanaume. Sisi tukaelekezwa chumba cha wanawake, na aliyekuwa amekaa pale juu, Bi Wadha. Alimkumbatia Muhsina. Mimi alinitabasamia, akangoja nibaki mlangoni. Muhsina akanishika mkono akaniketisha pembeni yake kwenye mto. Bi Wadha akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

Baraza mbili zile zinatenganishwa na ukumbi mwembamba, na milango ilikuwa wazi. Salamu za wanaume zilikuwa ndefu — habari za mvua, za mitende, za wagonjwa. Halafu sauti ya Ami, sauti ya Baba.

"Hathi bint akhuy Badr."

Huyu binti wa ndugu yangu Badr. Hilo sikuhitaji kufasiriwa.

Sheikh akauliza kitu. Nilisikia umm — mama. Nilibana vidole vyangu. Ami aliendelea kwa Kiarabu, taratibu, na katikati ya Kiarabu chake likatokea jina la Mama, lote, kama linavyotamkwa Tabora: Nyamizi binti Kasanga. Akalitaja mara mbili ili wasilikosee. Muhsina alininong'oneza: anasema, "Ni mke wa halali, nikahi ilikuwa msikitini, na amemzika kaka yangu kwa heshima wakati mimi sikuwepo."

Bi Wadha aliweka kikombe chini. Akamuuliza Muhsina swali fupi. Muhsina akajibu fupi, machozi yanamtoka, lakini uso kainua. Bi Wadha akainuka, akatoka chumbani. Hakurudi.

Garini nilimuuliza Muhsina walisemezana nini.

"Kaniuliza, mbona siku ile mliniacha nimpe halwa kama mtumishi? Nikamwambia, niliona haya. Na sasa naona haya zaidi."

Sheikh hakukataa wala hakukubali. Kasema kuna mzee wa kijijini aliyewahi kuishi Tabora, atamuuliza habari za Badr, kisha atapiga simu nyumbani. Kuhusu posa hakuna aliyesema neno. Ami alikaa nyuma, macho kafumba. Sijui kama alilala.

Jumatano, 6 Novemba

Jana kutwa simu haikulia.

Leo Muhsina hakwenda shule. Bi Masouda kaswali Dhuha, kapika, kafagia palipofagiliwa. Alinikuta jikoni nakuna nazi, akaketi kwenye kiti. Akasema siku ile ya wageni ulimi wake ulikuwa mzito, na kwamba Mungu kauona. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa mzito. Akatikisa kichwa. Tukaendelea na nazi.

Ami kawahi kurudi. Mara tu baada ya alasiri simu ikalia. Tulikuwa sote sebuleni na hakuinuka mtu. Muhsina aliziba uso. Ililia, ilinyamaza. Bi Masouda akasema huenda ni Mmalabari wa gesi. Huenda.

Ami akakaa na tasbihi yake kitambo kirefu. Halafu akaniita. Akasema ikilia tena nipokee mimi. Nikasema Kiarabu changu hakitoshi, nitaharibu mambo ya watu.

"Kinatosha. Watauliza nani anayesema. Wewe wambie, Shariffa bint Badr bin Salem. Kisha nipe mimi."

Nikamtazama Muhsina. Akaondoa mikono usoni, akasogea kwenye kochi kunipisha nafasi karibu na simu.

Basi niko hapa. Daftari gotini, simu pembeni. Naandika ili mkono uwe na kazi. Nalisema jina langu kimoyomoyo kama lile neno la mtungi, na kila nikilirudia linakuwa refu zaidi. Kama sheikh kakubali, pengine mama wa Saud kakataa. Pengine yote mawili kwa simu moja. Siwezi kuliombea moja bila kuliombea la pili, na Muhsina ananitazama.

Inalia.