Mgongo kwa Uwanja

Jumamosi, 17 Agosti

Tatu bila! Mechi ya kwanza ya msimu, tena ugenini, na sisi ndio wale wale tulioponea chupuchupu kushuka daraja mwezi wa tano. Sikuiona. Mashine ya kusagia lenzi iligoma saa saba mchana, nikabaki karakana nafungua skrubu moja moja, redio ya jirani inanguruma nyuma ya ukuta. Goli la kwanza nilidhani tumefungwa — mazoea!

Nimerudi nimemkuta Baba kwenye kochi na skafu ya timu yetu, Milia, shingoni, joto lote hili. Anasema mwaka huu timu ipo. Kocha mpya amewanyoosha, mabeki wanaongea wenyewe kwa wenyewe, mshambuliaji wetu Sindano amerudi na mguu wake wa kushoto. Shangazi akamkumbusha kwamba hata mwaka jana alisema timu ipo. Kweli alisema. Kila Agosti sisi ni mabingwa.

Lakini tatu bila!

Jumamosi, 24 Agosti

Mbili moja. Tena sikuona. Nilikuwa namalizia miwani ya mteja anayesafiri kesho alfajiri, fremu yake ile nyembamba inayotaka subira.

Jioni nikapita kwa kinyozi. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, na tivii yake ndiyo tivii ya mtaa mzima. Amebandika msimamo wa ligi katikati ya kioo. Mteja akikaa kunyolewa haoni kichwa chake, anaona pointi sita. Hakuna aliyelalamika.

Akanitazama akiwa na mashine mkononi. Akauliza kama na wiki iliyopita sikuwepo. Nikasema sikuwepo. "Hm," akasema, akaendelea kunyoa.

Sikuipenda ile hm.

Jumapili, 1 Septemba

Jana tumeshinda ya tatu. Leo nimeletewa ujumbe!

Kinyozi na muuza magodoro, wamevaa mashati ya kutokea, wamekaa ukingoni mwa kochi kama waliokuja kuposa. Shikamoo nyingi kwa Baba, shikamoo kwa Shangazi. Kisha kinyozi akakohoa, akatoa karatasi. Wamepiga hesabu. Msimu uliopita nimetazama mechi kumi na moja pale kwake: tumefungwa tisa, tumetoka sare mbili. Nilizokosa ni sita: tumeshinda tano. Na msimu huu sijatazama hata moja, matokeo ndiyo haya.

"Dada Miwani, hatusemi kwamba wewe ni nuksi," akasema.

"Ila ni nuksi," akasema muuza magodoro.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilipandwa na hasira. Niliingia uwanjani nikiwa begani kwa Baba, sijaota hata meno ya mbele! Huyo muuza magodoro ameanza kushabikia Milia alipohamia mtaa huu, na mtaa huu amehamia juzi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, akasema ni kweli dada, lakini tunakuomba.

Nikadhani Baba atanitetea. Akasema tu hizo mechi tisa zilikuwa mbaya sana.

Nikakubali. Sitatazama. Nimewaambia ni kwa heshima yao. Humu sina wa kumdanganya: hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku. Kazini napima kitu kwa nusu milimita, siamini mpaka rula iseme. Na karatasi yao nayo ilikuwa kama rula.

Jumamosi, 14 Septemba

Mechi inachezwa sasa hivi. Mimi niko jikoni na daftari, dirisha nimefunga. Baba yuko kwa kinyozi, kiti cha mbele kabisa, karibu apumulie kioo cha tivii. Kelele zinapenya. Ile ndefu iliyopanda juu ni goli. Letu! Shangazi amekuja kuthibitisha, amerudi mbio.

Baadaye. Moja moja. Hili naliandika humu tu na halitoki: dakika ya themanini nilichungulia simu. Matokeo tu, sekunde moja! Dakika ya themanini na mbili wakasawazisha. Kinyozi alinipita mlangoni akauliza kama nilitazama chochote. Nikasema nilikuwa napika. Sufuria ilikuwa tupu.

Jumanne, 17 Septemba

Hospitali na Baba. Alikuwa anajigonga kwenye fremu za milango, mara anamwaga chai pembeni ya kikombe. Nilidhani ni namba ya miwani imebadilika. Ni presha ya macho, na ni ya siku nyingi.

Daktari ni mtaratibu, anaeleza kwa vidole. Kuona kwa pembeni kumeshaliwa, sasa ukungu unaingia katikati. Kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki, asubuhi na jioni, bila kuruka. Baba alisikiliza kama anayetajiwa hali ya hewa ya mji mwingine. Miaka thelathini alipeleka barua kwa miguu, kila mlango wa mji huu anaujua, na leo ameutafuta mlango wa daktari kwa mkono.

Swali lake lilikuwa moja. Je, mpaka mwisho wa msimu atakuwa anaona? Daktari akauliza msimu wa nini. Maskini, hajui hata mpira.

Aliponivuta pembeni aliniambia kama kuna kitu Mzee anapenda kukiona, akione mapema. Nimerudi nalo neno hilo peke yangu. Baba alikuwa ananiuliza njiani Jumamosi tunacheza saa ngapi.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimemtengenezea miwani mpya. Mimi fundi, najua lenzi haitibu presha ya macho. Nimeisaga hivyo hivyo. Nimempima mara tatu, nimechagua kioo bora kuliko vyote vilivyopo karakana, nimeing'arisha mpaka vidole vikafa ganzi.

Akaivaa. Akanitazama muda. "Mama, mbona umezeeka!"

Nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikafungua bomba la maji Shangazi asisikie. Anaona! Amesoma kichwa cha habari cha gazeti, herufi kubwa, lakini amesoma.

Jumamosi, 21 Septemba

Mbili bila! Tunaongoza ligi! Simu niliitia ndani ya sufuria nikafunika. Mtaani wanakumbatiana hata watu wasiosalimiana. Muuza magodoro anasema mwakani tunapanda ndege kwenda kucheza na vigogo wa mabara mengine, tuanze kushughulikia pasipoti. Amesema kwa uso mkavu kabisa. Na mimi — Mungu anisamehe — nimejikuta nawaza pasipoti yangu iko droo gani.

Jumanne, 24 Septemba

Makubwa! Jumamosi tunacheza nyumbani na timu ya pili kwenye msimamo. Tawi limempa Baba tiketi mbili za jukwaa lenye paa, kwa kuwa ndiye mwanachama wa siku nyingi kuliko wote. Yake, na ya mtu wa kumshika mkono.

Akasema anakwenda na mimi.

Kinyozi alijitolea yeye. Muuza magodoro akasema yuko tayari hata kumbeba. Baba akajibu kwamba anakwenda na binti yake, la sivyo anazichana zote mbili mbele yao, na akazishika kwa namna ya kuchana. Nusura muuza magodoro apige magoti.

Mchana kinyozi akaja kazini kwangu, anajifanya anatafuta miwani ya jua. Amejaribu fremu nane. Nikamwonea huruma, nikafunga mlango, nikamweleza alichosema daktari. Yote. Kwamba huenda hii ndiyo mechi ya mwisho Baba kuiona kwa macho yake.

Akavua kofia. Yeye ndiye anayemnyoa Baba tangu nywele zikiwa nyeusi.

"Basi nenda naye, dada. Nenda." Akafika mlangoni, akageuka, sauti ya chini: "Ila... mgongo."

"Mgongo gani?"

"Upe uwanja mgongo. Kaa naye, mshike mkono, lakini usitazame. Mzee aone ushindi, si ndiyo tunachotaka sote?"

Ningeweza kumfukuza. Lakini nilipofikiri Baba akitazama kwa mara ya mwisho na timu inafungwa kwa sababu yangu, nikaapa. Mkono juu ya sanduku la lenzi!

Ijumaa, 27 Septemba

Baba amepiga pasi jezi yake mwenyewe, amekataa msaada. Imeungua kidogo mgongoni. Hakuna aliyemwambia. Nimemweleza habari ya kiapo changu, nikitegemea atafoka. Akasema haina neno, atanisimulia yeye.

Jumamosi, 28 Septemba

Uwanjani. Mapumziko. Tunaongoza moja bila.

Naandika juu ya goti. Lazima niandike sasa hivi, la sivyo nitasema kitu ambacho sijakipanga.

Tumefika mapema. Baba kanishika mkono ngazi zote, anahesabu, anawasalimu watu kwa sauti zao. Tumekaa. Nikageuka kama nilivyoapa, mgongo kwa uwanja, uso kwa mashabiki. Kinyozi yuko safu mbili juu yangu, tunatazamana ana kwa ana. Akaniinulia dole gumba. Watu wakaniona kichaa mmoja, wakanizoea.

Mpira ukaanza, na Baba akaanza kunisimulia. Alisimulia vizuri! Sindano kachukua, kampa wa kati, kampa wa pembeni, anakwenda, anakwenda, ah, kapiga nje. Nimefumba macho nikaona kila kitu. Nilijisikia raha ambayo sijaisikia tangu utoto, naapa. Nikasema moyoni lenzi zangu zimefanya kazi.

Kisha nikafumbua macho nikatazama watu. Sina kingine cha kutazama. Baba anasema tunashambulia goli la kulia kwake. Vichwa vyote, maelfu, vimegeukia kushoto kwake. Nikadhani nimechanganya pande kwa kuwa nimegeuka. Nikapiga hesabu kwa vidole. Sikuchanganya. Akasema kipa wetu kadaka, na hapo hapo jukwaa zima likamzomea refa.

Sikutaka kuelewa. Nikajiambia macho yamechelewa kidogo, mpira una kasi.

Dakika ya arobaini akasema wanatubana. "Wanatubana, mama, hatari, hatari, ametoka kipa, goli limebaki tupu—" Nikajua basi, tumefungwa, ni mimi. Nikaona kinyozi anafungua mdomo. Nikangoja alie. Akaruka! Jukwaa zima likaruka, watu wanakumbatiana, mmoja akaangukia mgongo wa mwenzake. Goli! Letu! Na Baba amekaa, uso umejikunja kwa huzuni ya kufungwa, mpaka zile kelele zilipomfikia vizuri na akajua ni za furaha. Ndipo akanyanyua mikono. Akapiga kelele kuliko wote.

Nilimwona. Alijua nimemwona.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nikamuuliza tangu lini. Akavua miwani, akaipangusa kwa skafu, anaipangusa kwa upole sana. Akasema uwanja hauoni tangu msimu uliopita. Kwenye tivii ya kinyozi anaona mwanga tu unakwenda na kurudi. Gazeti lile? Shangazi alikuwa amelisoma kwa sauti asubuhi. Mimi anaona kivuli changu, ila kuzeeka kwangu anakusikia kwenye hatua zangu. Akajaribu kucheka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu nilikaa siku mbili nasaga ile miwani, angesemaje.

Nina hasira naye. Nampenda sana. Sijui kipi kimezidi.

Nikamwambia kama ni hivyo angekuja na kinyozi, ushindi angepata na mkono wa kushika angepata. Akatikisa kichwa. Wale wakifurahi wanaruka, wakikasirika wanatukana, hakuna anayesema kimetokea nini. Goli la leo ameshawauliza watu watatu lilifungwaje. Wote wamemkumbatia tu.

"Wewe nilikufundisha mpira nikiwa nimekubeba," akasema. "Nikikuuliza nani kapiga, ulikuwa unanijibu. Geuka, mama."

Nikamkumbusha karatasi ya kina kinyozi. Mechi tisa, Baba! Tukifungwa je?

"Afadhali tufungwe nijue tumefungwaje, kuliko tushinde niambiwe."

Hapo ndipo nilipotoa daftari.

Kelele zinapanda, timu zinarudi uwanjani. Kinyozi ananitazama. Sijui ameona nini usoni pangu, amesimama, anazungusha kidole hewani: mgongo, dada, mgongo! Muuza magodoro pembeni yake amekusanya viganja ananisihi. Na wao nawaelewa. Tawi letu limeteseka pamoja miaka mingi, na timu ndiyo kwanza imeanza kututendea wema.

Filimbi. Baba amenishika mkono wa blauzi. Anauliza mpira nani anaanzisha.

Ngoja, Baba. Ngoja nikuambie.