Wodi Nzima kwa Maneno Mawili

Mpendwa Shangazi, nisaidie, nakuandikia nimejifungia chooni maana nyumba hii sina pengine pa kulilia. Mimi ni nesi wa wodi ya wanaume na wifi yangu ni nesi wa wodi hiyohiyo, tena ndiye aliyenikutanisha na kaka yake tukaoana, kwa hiyo asubuhi tukikabidhiana zamu hatuzunguki vitandani kama tulivyofundishwa, tunakaa chumba cha chai, yeye anavua viatu mimi navaa, ananipa umbea wa nyumbani halafu anamalizia "kama jana," basi, wodi nzima nimeshakabidhiwa, na hiyo tuliiita ripoti ya kindugu, tunacheka.

Wiki iliyopita akasema vilevile, "kama jana, wifi, miguu inaniua," akaondoka. Nikaanza kugawa dawa, nikafika kwa Mzee Redio, tulimwita hivyo kwa kile kiredio alichokibana sikioni kutwa, nikamchoma sindano yake kama ilivyokuwa kwenye faili, huku ananung'unika eti ile ya alfajiri ilimkaba koo, nikamwambia tulia baba, wanaume na sindano nawajua, nikasogea kitanda cha pili, mara nasikia redio imeanguka sakafuni. Tulihangaika naye, mimi na daktari, mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Alifariki.

Kumbe alfajiri dawa ile ilimvimbisha midomo, wifi akaisimamisha, akampa ya kumtuliza, hakuandika popote wala hakuniambia! Sasa amemwapia matroni kwamba aliniambia kwa mdomo wake. Kikao ni Jumatatu. Mama mkwe, mtu mzima yule, amenipigia magoti mimi, anasema mwenzio analea peke yake, wewe una mume, libebe tu. Mume wangu analala kageukia ukutani. Nikisema ukweli navunja nyumba, nikinyamaza mimi ndiye muuaji. Shangazi, hakuniambia! Nifanyeje?

Nesi wa Chooni

JIBU

Pole, mwanangu. Kufiwa na mgonjwa mikononi ni mzigo tosha, na anayetaka ukabebe na uongo juu yake hakuhurumii, hata akipiga magoti. Wifi yako alikosea alfajiri kwa uzembe na uchovu. Mbele ya matroni alikosea kwa makusudi, na hilo ndilo baya zaidi.

Lakini barua yako nimeirudia, na kuna mahali umepapita mbio. Unalia kwamba hukuambiwa. Uliambiwa! Mzee alikuambia. Asubuhi ile yeye peke yake ndiye aliyekukabidhi zamu sawasawa: dawa gani, ya saa ngapi, imemfanya nini. Wewe ukamtania. Ukamwamini mtu anayevua viatu, ukamwacha mwenye koo lake. Na nina hakika hilo matroni halijui, maana hata mimi umeniandikia kama jambo la kupita tu.

Sasa sikiliza. Usimbebe wifi, na usijifiche nyuma yake. Kabla ya Jumatatu mwite, umwambie uso kwa uso utakachosema, asije kukisikia mara ya kwanza mbele za watu. Kikaoni anza na la kwako, lote, pamoja na ule utani. Kisha sema mlivyokuwa mnakabidhiana, ninyi wawili, na kwamba siku ile hakukutajia dawa yoyote. Kazi inaweza kwenda, sikudanganyi. Na huyo mume mgeuze kutoka ukutani, aseme yuko wapi.

Wakikubakiza, chumba cha chai kiwe cha chai. Zamu ikabidhiwe kitandani, nyote mmesimama: huyu amebadilika nini, dawa ipi imesimamishwa na kwa nini, iandikwe hapohapo. Kabla ya kusogea mumuulize mgonjwa mwenyewe kama kuna mlichosahau, na akijibu mnyamaze mumsikilize. Hata akiwa mnung'unikaji. Hasa huyo.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Mzee ana watu wake. Bila shaka wameshaipeleka redio yake nyumbani, na wanaulizana aliondoka akisema nini. Anayejua ni wewe peke yako. Kikao kikiisha, nenda ukawaambie.