Swaumu ya Halfani

Jumapili, 2 Machi 2025
Chungu cha kwanza cha Ramadhani. Nimechoka kabla mwezi haujaanza vizuri. Mume wangu Halfani kaamka kula daku na sisi. Nikamwambia, Baba Taufiki, wewe mgonjwa wa ini, daktari kakukataza kufunga, na imamu kasema utoe fidia, ulishe maskini, yaishe. Akaendelea kutafuna. Kutafuna kwake huko nakujua mimi! Basi kabla ya kwenda dukani nikamwachia mayai ya kuchemsha na maharage kwenye hotipoti.

Jumanne, 4 Machi
Hotipoti tupu. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Wifi Pili, dada yake Halfani, kaja kutoka Ngara kunisaidia dukani, tukaenda naye. Mizani imepanda! Pili akapiga kigelegele palepale mbele ya foleni. Nesi Felisita hakucheka. Yale ni maji ya tumboni, akasema, si mwili. Akazungusha futi kwenye mkono wa Halfani — mkono uliokuwa ukibeba majora ya vitenge! — akanionyesha ulivyokwisha. Akamwambia ainuke kitini bila kushika popote. Akainuka. Akakaa. Safari ya pili akafika nusu, akarudi puu.

Nesi kaeleza kwamba ini bovu haliweki akiba ya chakula. Mgonjwa akishinda njaa, mwili unajila nyama zake wenyewe. Ale kidogo kidogo mchana kutwa, na kabla ya kulala pia. Mayai, maharage, maziwa.

Njiani Pili akauliza, kwani anakula? Anakula, nikamjibu. Hotipoti naikuta tupu kila siku. Sasa nyama zake zinakwenda wapi, najiuliza.

Jumamosi, 8 Machi
Mteja kanipongeza eti mumeo kanenepa. Kanenepa! Tumbo liko mbele, makalio hayapo, suruali inashikwa na kamba. Wengine wananong'ona ni gongo hiyo. Mtu hajawahi hata kuionja! Nimepima kitenge, nimekunja. Nguvu za kugombana sina.

Jumatatu, 10 Machi
Vijana wawili wamemrudisha kutoka msikitini, wamemshika huku na huku. Swala ya alasiri, kasujudu, kuinuka kashindwa. Watu wote wameinuka, yeye paji la uso liko kwenye mkeka. Wakamnyanyua kwa makwapa. Kafika nyumbani kageukia ukuta.

Nikiwa bado nalia jikoni, jirani yetu Jovitha kabisha hodi, kaleta bakuli langu. Shikamoo dada. Marahaba. Akasema Mungu ambariki Baba Taufiki, watoto wangu hawajawahi kula mayai hivi, kila siku!

Kila siku!

Nikamwendea. Hakukana. Anafunga tangu chungu cha kwanza, na chakula ninachomwachia anampa Jovitha. Eti si mlisema nitoe fidia? Ndiyo hiyo. Fidia katoa na swaumu kafunga, mwanamume huyu! Nilitaka kumpiga. Nimpige wapi? Mifupa mitupu. Nimempenda mtu mbishi, na ubishi wake utamuua mbele ya macho yangu.

Jumatano, 12 Machi
Duka sijafungua. Adhuhuri imeshaadhiniwa. Nimemwekea sahani mapajani, nimekaa mbele yake, nikamwambia leo siondoki hapa mpaka ule.

Kalia. Miaka yote ya ndoa sijamwona akilia. Kasema, Mama Taufiki, kubeba siwezi, kusujudu siwezi. Nisipofunga nitakuwa nimebaki na nini? Nikamwambia umebaki na mimi. Sikupanga kusema hivyo, limetoka tu.

Akajifuta macho. Kisha akasema haya, atakula. Ila hatakula peke yake mchana wa Ramadhani, kama mtoto mdogo. Tule wote.

Pili kasikia, katoka jikoni na mwiko mkononi: wifi, usithubutu! Wewe mzima! Na ni kweli, mimi mzima. Tangu nivunje ungo sijala mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru wa kike na uzazi. Udhuru huu wa leo sijui kama upo. Nani wa kumuuliza? Imamu hayupo, kaenda Nyantakara mazikoni.

Halfani kamenya yai, kalipasua. Nusu kaniwekea kiganjani. Nusu anayo yeye.

Naandika kwa mkono mmoja. Ananitazama tu, hata kunihimiza hanihimizi. Nusu yake bado hajaitia mdomoni.