Maoni Yangu Kuhusu Nachela

Jumapili, 9 Machi 2025

Sura ya saba nimeimaliza. Nimejifungia chumba cha cherehani baada ya misa, mvua inapiga bati mpaka nikarekodi upya mara mbili. Grupu letu la wanawake wasomaji lina kitabu kimoja tu, cha mwalimu Edith, na sauti moja tu, yangu. Walisema, mama Jeni wewe ndiye msomaji wa masomo kanisani, tusomee, sisi tusikilize huku tunapika. Sikukataa. Naipenda sauti yangu – humu hakuna anayeniona, acha niseme.

Basi Nachela katoroka! Binti wa mwene, yaani chifu, mke wa mtu, Wajerumani ndio kwanza wanapanda Ufipa, na yeye anatoka bomani kwa mumewe pekupeku, anashuka mlima wote mpaka bonde la Rukwa. Huko anakutana na mfua chuma. Mwandishi anajua kupamba. Hata mimi nilisimamisha kurekodi pale anapovua shanga za ndoa na kuzitundika mlangoni.

Maoni yakamiminika. Scola wa saluni: afadhali, tena kachelewa. Edith: historia iko vizuri, mapenzi yamezidi chumvi. Mwingine akasema huyo mfua chuma ni mpole mno, wanaume wa hivyo hawapo, labda wa kuchonga. Tukacheka. Nami nikatoa yangu, kwa sauti ileile ya kusomea: Nachela kakosa. Alipigwa, sawa. Nani hakupigwa? Mwanamke wa ukoo anabeba jina la watu, habebi mgongo wake peke yake. Nikapata makofi mengi kwenye simu.

Jenifa wangu naye yumo kwenye grupu, huko Mwimbi alikoolewa. Anasikiliza tu, haandiki. Krismasi hakuja. Victor, mkwe wangu, alisema duka la pembejeo limewabana, ni msimu wa mbolea. Sawa. Kazi ni kazi.

Jumatano, 12 Machi

Magauni ya komunyo ya kwanza yamejaa mezani. Umeme unakatika, naendesha cherehani kwa mguu.

Hellena kaniletea maziwa. Ni Msukuma, mumewe ana ng'ombe kule Mollo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kwenye grupu. Nikamuuliza Nachela anamwonaje. Akajibu dumu bado mkononi. "Shida yake huyo binti, mama, hana mtu. Ana ukoo mkubwa, lakini mtu hana." Nikamwambia ukoo si ndio watu? Akatabasamu, akasema labda kwenu, akaondoka.

Jioni – furaha! Jenifa kaandika! Mara ya kwanza tangu grupu lianze. Nanakili hapa:

"Samahani wapendwa, nina swali. Je, Nachela angekimbilia kwa mama yake badala ya kushuka bondeni, mama yake angempokea?"

Swali la mtu mwenye akili. Nikajivuna, mwanangu huyo. Nikawawahi wote, nikabonyeza kurekodi. Nikasema mama mwenye heshima angempa chakula, angemlaza usiku mmoja, kukipambazuka angemtwisha unga wa ulezi na kumrudisha kwa mumewe, yeye mama mwenyewe, kwa miguu yake. Ndivyo alivyonifanyia marehemu mama. Ule unga nikamsongea mama mkwe ugali, wakala, maneno yakaisha. Mpaka leo kwetu ukiona mwanamke anasindikizwa na mama yake, na unga kichwani, huulizi. Anarudishwa huyo. Nikamaliza kwa kusema mimi ningefanya hivyohivyo, na ningemrudisha huku nimenyoosha shingo.

Makofi tena. Wengi wakaunga mkono. Hellena peke yake akaandika, herufi ndogo zote: "mimi ningempokea. nyumba yangu ya udongo ila ina mlango."

Jenifa akajibu: "Asante mama. Nimeelewa."

Nimelala vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Nimesoma somo la kwanza misa ya pili. Nikiwa narudi kwenye benchi simu ikatetemeka kwenye pochi. Victor. Nikatoka nje kuipokea.

"Shikamoo mama. Jeni yupo hapo?"

Nikamwambia hayupo, kuna nini? Akasema jana asubuhi alitoka na mtoto, kaaga anakwenda mnadani, hajarudi. Wamepishana kidogo maneno tu, mambo ya nyumbani. Sauti yake ya upole sana. Akasema, "Akifika mama, nakuomba ufanye kama ulivyosema kwenye ile voisi. Niliisikiliza. Nilifurahi sana."

Kwenye grupu la wanawake hayumo. Aliisikilizaje?

Simu ya Jenifa haipatikani.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka yangu Kalisti kaenda Matai kuuliza kwa ndugu. Hawajamwona. Karudi amekasirika, si kwa hofu, kwa aibu. Anasema yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakwe siku ya posa, sasa ataficha wapi uso. Nikamwambia kuna mtoto wa miaka miwili mgongoni na mvua hizi. Akasema basi angefikiria hilo kabla.

Mchana Scola kafunga saluni, kaja. Hakukaa hata kwenye kiti. "Mama Jeni, usinichukie. Lile swali halikuwa la kitabu."

Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui. Nilijua pale pale aliposema, na nikaona haya kukiri mbele yake.

Nimelisoma tena na tena. Kwa mama yake. Angempokea. Mwanangu alikuwa ananibishia hodi, mbele ya watu wote kwa sababu faragha hana, simu yake inapekuliwa. Na mimi nikamjibu kwa sauti ya kanisani.

Nachukia sauti hii.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna habari. Nimeshonea mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Nimefumua.

Edith anauliza sura ya nane lini. Sijamjibu.

Alhamisi, 20 Machi

Hellena kaja bila maziwa. Kasimama mlangoni kama anayepima atie mguu au arudi.

"Shikamoo mama. Yupo kwangu. Tangu Jumamosi."

Nilikaa chini palepale sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Akaniambia taratibu, bila kupamba. Alifika giza limeshaingia, mtoto mgongoni, mkono wa kulia umening'inia. Zahanati wamemfunga, mfupa umevunjika. Mgongoni ana alama za zamani na za sasa. Alikataa katakata mimi kuambiwa. Hellena kaja kwa kichwa chake, kwa sababu anamsikia akiniita usingizini. "Nitakupeleka, mama. Ila usiseme kwa mtu. Hata kwa mjomba wake."

Nikasema nipe dakika. Nikaingia jikoni. Mgonjwa anakunywa uji wa ulezi, kila mama wa Ufipa anajua hivyo, mifupa haiungi kwa chai. Nikajaza mfuko wa unga, nikauweka kichwani, tukaenda. Njia nzima napanga nitakachosema. Sikuwaza kitu kingine, nasema kweli, sikuwaza.

Jenifa alikuwa amekaa nje ukutani anaota jua. Kakonda! Akaniona nikiingia uani. Akauona mfuko kichwani, na Hellena nyuma yangu kama msindikizaji. Aliinuka, akamzoa mwanawe Amos kwa mkono mmoja mzima, akapita nyuma ya zizi la ng'ombe, akaingia kwenye mahindi.

Nikaita. Nikasema ni wa uji, mwanangu, ni wa uji! Mahindi ya Machi yamepita kichwa cha mtu. Yakatikisika kidogo, yakatulia.

Hellena hakuelewa. Kwao unga ni unga. Ilibidi nimweleze mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, unga ule una maana gani kwetu. Akauchukua kichwani pangu, akautia ndani. Akaniambia niende, hatatoka huko nikiwa nipo.

Nimerudi kwa miguu mpaka mjini. Nikipishana na watu wananiamkia, naitikia.

Ijumaa, 21 Machi

Hellena kapiga. Walirudi ndani nilipoondoka. Uji Jenifa kanywa, baada ya kuapiwa kwamba harudishwi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda tena Mollo, mikono mitupu. Sikuingia uani. Nilikaa barabarani kwenye jiwe, pale anapoweza kuniona. Nikakaa mpaka mgongo ukauma. Watoto wa Hellena wakaja kunitazama, wakachoka, wakaondoka.

Mwisho Jenifa akaja. Akasimama mbali kidogo. Nikasema mwanangu nisamehe. Akasema, "Mama, ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unasomea watu?"

Nikamjibu nilikuwa nasema kweli. Hilo ndilo baya. Sikutaka kumdanganya tena.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia. Kisha akaniambia usiku ule alipopata jibu langu, Victor alikuwa amekaa pembeni yake kitandani, simu kaishika yeye. Akairudia voisi mara tatu. Akamwambia, umesikia? Hata kwenu huna pa kwenda. Mkono ulivunjwa kesho yake asubuhi.

Kwa sauti yangu. Mimi! Akamshusha Amos, mtoto akaja akanishika goti. Kanikumbuka au kaona kitambaa changu chekundu cha kichwani tu, sijui. Nilimbeba kidogo. Jenifa akaniambia inatosha, mama, nenda, watu wataona.

Grupu linapiga kelele. Edith kaamua kuwaandikia muhtasari wa mwisho: Nachela anarudishwa na askari wa baba yake, mfua chuma anauawa, naye anakufa kwa uchungu. Wengine wanasema mwisho mzuri, unafundisha. Wengine wanalia. Mmoja kauliza mama Jeni yuko wapi, tunataka maoni yake. Nimejitoa.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kusoma. Nimesingizia kifua.

Wamekuja. Naandika jikoni, nyuma ya karatasi ya vipimo, nitaibandika humu baadaye. Ni Victor, baba yake mdogo, na mama yake, Bertilla. Kalisti kakaa nao sebuleni, upande wetu, ila anaongea kama wa upande wao. Wamemwaga maneno ya heshima ya kutosha kujaza debe. Wanasema mke hapotei, anafichwa. Wanasema hawana ugomvi, wanataka tu mama mzazi aseme binti yuko wapi, aitwe, arudi, yaishe. Victor kavaa shati jeupe. Kainamisha kichwa kila mkubwa akisema.

Kisha kaweka simu mezani, akaipiga voisi yangu. Sebule nzima ikanisikiliza. Kalisti akasema umesikia, dada, hayo ni maneno yako, nani atayabadilisha? Nikasema ngoja nilete chai.

Bertilla kanifuata jikoni. Sijawahi kuongea na huyu mama zaidi ya salamu. Mdogo wa umbo, kitenge cha parokia, mikono ya jembe. Nilidhani kaja kunihimiza. Akaanza kupanga vikombe kwenye sinia, mgongo kanipa. Akasema kwa Kifipa, taratibu, kama anaongea na vikombe. Kwamba kama najua alipo, nisiseme. Kwamba huyu wa sebuleni kamzaa yeye, anamjua, na baba yake alikuwa hivyohivyo, na yeye kwao walimrudisha mara nyingi. Akafuta kikombe kilichokuwa safi.

Kisha akabeba sinia, akatoka, nikamsikia kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili: "Mama Jeni anakuja. Maji yalikuwa hayajachemka."

Yamechemka zamani. Naogopa. Kalisti akijua nimeficha hatanizika. Ukoo mzima utanigeuka, na parokiani nitakaa benchi la nyuma. Hellena ana nyumba ya udongo, na hawa wakijua watafika huko kabla ya jioni.

Kalisti ananiita tena, wakwe wana safari. Kwetu mama wa binti huwajibu wakwe akiwa amekaa chini, macho kwenye mkeka, baada ya kupiga makofi ya heshima. Mkeka wameshanitandikia. Nauona kwa upenyo wa mlango, katikati ya miguu yao.

Natoka. Nitaongea nimesimama.