Pazia la Maua Makubwa

Jumanne, 1 Agosti 1978
Nimemaliza picha yangu. Gunia la unga, juu yake vitambaa nilivyoshona: milima, mahakama, na sisi akina mama tumeshika picha za wanetu. Gauni langu la pichani nimelikata kwenye pindo la pazia la sebuleni, lile la maua makubwa. Ng'ambo wataona maua tu. Mimi nitajua ni mimi, mama yake Eliecer. Mwaka wa nne huu tangu askari wamchukue.

Nyuma nimeshona kimfuko, ndani kikaratasi: Mwanangu yuko wapi? Bila jina. Padri anayetupelekea picha ng'ambo husisitiza — jina kamwe!

Alhamisi, 10 Agosti
Furushi la picha zetu limekamatwa uwanja wa ndege.

Ijumaa, 11 Agosti
Picha yangu gazetini! Ukurasa mzima. Eti matusi kwa taifa. Maua yanahesabika moja moja. Mjinga mimi! Jina nimeficha, pazia nimelianika dirishani.

Uberlinda, jirani wa mkabala, kaja na gazeti. Yeye na Jenerali wake anayetutawala, hata jikoni katundika picha yake. "Shoga, ona wanawake wasio na haya! Wangekuwa wangu ningewacharaza." Nikaitikia, ndiyo, ndiyo. Dirisha hakulitazama. Au alilitazama?

Jumamosi, 12 Agosti
Nimelichoma pazia jikoni, kipande kipande. Nimetundika blanketi. Binti yangu Maruja kasema nitulie, kwa baridi hii nani atashangaa? Sijatulia.

Jumatatu, 14 Agosti
Asubuhi. Askari wanne mtaani, mmoja ana gazeti. Hawagongi mlango wowote, wanakagua madirisha. Wamefika kwangu — wamepita!

Wamesimama kwa Uberlinda.

Mungu wangu, pazia lake! Tulinunua jora moja sokoni, tukagawana nusu kwa nusu. Siku zote hizi nimewaza dirisha langu tu!

Naandika nimesimama, mkono upate cha kufanya. Wamemtoa nje na aproni yake. Anapiga kelele mtaa mzima unasikia: mimi? Mimi ninayewapandishia bendera kila sikukuu? Wanamuuliza nani mwingine ana kitambaa hiki.

Kanyamaza. Uberlinda, kunyamaza! Anatazama blanketi langu.

Maruja kanishika gauni, analia: Mama, usitoke, nitabaki na nani? Viatu nimeshavaa. Wamefungua mlango wa gari.

Bado hajanitaja.